Nani Anatazama Simu ya Ban-seng

"Siu-khim," aliniambia Ban-seng, "simu inamtukana marehemu."

Alikuwa ameingilia mlango wa nyuma wa jiko langu, asubuhi, saa ambayo nafunua bakuli za kwanza za mikate ya mchele na wateja wameshaanza kugonga meza. Mimi nikiwa na mvuke usoni sina subira na mtu, hata awe jirani wa miaka yote. Nikamwambia kama simu imemtukana mtu, akaishitaki, mimi nina kazi. Hakuondoka. Akaninyooshea ile simu mpaka karibu na pua, nikasoma maandishi makubwa katikati ya kioo: *Muda wako wa leo umekwisha.*

"Sasa hapo tusi liko wapi?"

"Liko hapo! Unamwambiaje maneno hayo mtu ambaye hajamaliza mwaka kaburini? Tena mbele ya picha yake?"

Nikaweka kitambaa chini. Mtu akikuambia kitu kama hicho, mikate inaweza kungoja.

Mke wake, Gue-ha, alikuwa rafiki yangu. Nasema rafiki kwa sababu lugha haina neno kubwa zaidi la mtu uliyemenya naye vitunguu saumu nusu ya maisha yako. Alifariki mwaka jana, mibalungi ikiwa inaanza kuweka vitunda. Mimi na yeye tulikuwa wagonjwa wa tamthilia za kuimba, zile ambazo jenerali ni mwanamke aliyechorwa nyusi, na mtu hawezi hata kuomba maji bila kuimba beti nne. Ban-seng alikuwa hazipendi. Zikianza, alichukua mkasi wake wa kupogolea akaenda shambani, na Gue-ha akamwita kutoka kitini, "Njoo ukae basi, hata leo tu!" naye akajibu kutoka nje kwamba miti haijipogoi.

Kwa hiyo niliposikia, tangu mwaka mpya, tamthilia ikiimba nyumbani kwake kutwa nzima, nilidhani mzee amebadilika kwa majonzi. Nilifurahi kidogo, na nilinuna kidogo pia. Nilijisemea: sasa ndiyo unatazama, mwenzako akishaondoka!

Nilimfuata hadi sebuleni kwake asubuhi ile, na ndipo nikaona nilikuwa nimemdhania vibaya.

Meza kubwa ya wahenga ilikuwa mahali pake, na kibao cha ukoo juu yake. Pembeni, kwenye meza ndogo, kulikuwa na picha ya Gue-ha, kibao chake cha peke yake na chetezo chake cha peke yake, kama inavyokuwa kwa aliyefariki mpaka mwaka utimie. Mbele ya picha palikuwa na kopo la chai, na alama ya vumbi mahali simu ilipokuwa imeegemezwa. Waya wa chaji ulikuwa umechomekwa. Feni ndogo ilielekezwa pale pale kwenye kopo.

"Feni ya nini?"

"Simu inapata joto. Inacheza kutwa."

"Na wewe unakaa wapi?"

"Mimi? Mimi niko shambani. Nakuja tu kubadilisha sehemu ya tamthilia ikiisha." Akanionyesha vile vipande viwili vya mti vya kuulizia miungu na wafu. "Naviangusha, namuuliza kama anataka inayofuata. Kila siku anataka. Juzi nilimwomba turuke zile nyimbo ndefu, vikaanguka kwa kucheka, vyote viwili tumbo juu. Kwa hiyo haturuki."

Nilitaka kumtania, nikaacha, nikamuuliza haraka ni ya nini. Hekaluni wanawachezea miungu tamthilia kwenye uwanja mtupu na hakuna anayeona ajabu, hilo nalijua, lakini hata miungu hupewa siku mbili tatu tu.

Ban-seng akatazama meza kubwa, akapunguza sauti kama mtu aliye karibu na mlango wa mkubwa.

"Mwaka ukitimia, wanamuunganisha na ukoo. Jina lake linaingia kwenye kile kibao kikubwa. Sasa mle ndani kuna nani?"

"Wahenga wako."

"Kuna mama yangu, Siu-khim."

Nikaelewa yote kwa mpigo. Mama yake Ban-seng! Yule bibi alizima televisheni ya Gue-ha katikati ya sehemu zisizohesabika. Alisema nyimbo zile ni za watu wasio na kazi. Siku moja aliificha hata antena chini ya gunia la mchele, nasi tukaitafuta mpaka jioni.

"Akiingia mle hataona tena kitu," Ban-seng alisema. "Unamjua mama. Hospitalini Gue-ha alikuwa amefika katikati ya ile ya jenerali na binti wa mpika mvinyo. Aliniuliza, 'Watakutana kweli hawa?' Nikamwambia lala. Hilo ndilo nililomjibu, lala. Sasa nataka aimalize kabla hajaenda kukaa na mama mkwe. Nilikuwa nimepiga hesabu vizuri, tungemaliza. Halafu Pei-shan akaifunga."

Pei-shan ni binti yao wa pekee, yuko Taipei, anafanya kazi za kompyuta ambazo hakuna kati yetu anayeweza kuzieleza. Ni mtoto mzuri. Ana pupa ya mama yake na ubishi wa baba yake. Mwaka mpya alikuwa amemwekea baba yake simu mpya na kuiunganisha na yake, ili aone huko aliko kila programu inatumika muda gani na inakula betri kiasi gani. Alisema ni kwa usalama. Mzee akiwa peke yake, angalau aonekane yuko hai.

Sasa fikiria alichokiona. Kila wiki ripoti inamjia: baba yake, mkulima, mtu asiyekaa, anatazama tamthilia tangu alfajiri mpaka jioni, siku zote saba. Akipiga, hapokelewi, kwa kuwa mzee yuko kwenye miti na simu iko kazini. Isitoshe, mzee alikuwa amezima mlio, maana simu ikiita ilikatisha jenerali katikati ya wimbo. Jioni binti akimpata na kumuuliza, "Baba, unafanya nini siku nzima?" anajibiwa, "Natazama kidogo."

"Kwa nini usimwambie ukweli?" nilimuuliza.

"Nimwambie nimemwashia mama yake simu? Tangu msiba anataka kunihamishia kwenye lile ghorofa lake. Nikimwambia hivyo atakuja kesho yake na sanduku. Na usimwambie wewe."

Nikaahidi. Ban-seng akaketi kujaribu namba ya siri ya kufungulia. Alijaribu siku yake ya kuzaliwa, ya binti, namba ya nyumba, hata namba ya pikipiki. Akajaribu siku ya kuzaliwa ya Gue-ha, akaibonyeza taratibu, kwa heshima, na simu ikakataa. Hiyo ilimuuma kuliko nyingine zote.

Ikabidi nimwazime simu yangu. Huruma yangu hunitangulia kila mara, nami nafuata nyuma nalalamika. Simu yangu ni ya zamani, imejaa picha za maua na vikombe vya chai ambazo wazee wenzangu hutumiana kila asubuhi, "Heri ya siku, kunywa maji." Ikawa inacheza jenerali, inasimama kupumua, inacheza. Na wateja wangu huagiza kwa simu. Jenerali ameinua upanga, anaingia mama wa duka la dawa, "Siu-khim, niwekee bakuli kumi, mchuzi wa saumu mwingi!" Ban-seng alimwomba mkewe radhi kila mara, na mimi nilipoteza oda nilizopoteza.

Jumamosi Pei-shan akafika bila taarifa. Alipitia kwangu kwanza, na begi dogo, na uso wa mtu ambaye hakulala.

"Mama mdogo, baba yuko na hali gani? Niambie kweli."

"Yuko vizuri. Kaa ule."

"Hayuko vizuri. Tazama." Akanifungulia simu yake. "Nimemwekea saa moja kwa siku. Unajua amejaribu kufungua mara ngapi? Anajaribu asubuhi, anajaribu mchana. Ana ulevi nayo, mama mdogo. Kazini kuna mwenzangu baba yake alianza hivi hivi, amekaa tu, hali, hatoki, miezi michache akawa hamjui mtu. Nilimwacha mama mikononi mwa madaktari nikasema nitakuja wiki ijayo. Huyu siwezi kumwacha. Mwaka ukishatimia namchukua."

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, na nilinyamaza, jambo ambalo majirani hawataliamini. Nilichofanya ni kumshika mkono nikampeleka kwao kwa mlango wa nyuma.

Sebuleni hapakuwa na mtu. Simu yangu ilikuwa imeegemea kopo la chai, feni inaipulizia, jenerali anaimba. Mbele ya meza ndogo kiti cha Gue-ha kilikuwa na mto wake wa mgongoni. Pei-shan alisimama. Alitazama kiti, akatazama simu, akafuata kwa macho upande simu ilikoelekea, mpaka akafika kwenye picha ya mama yake.

"Baba yuko wapi?"

"Shambani. Kila siku yuko shambani."

"Kwa hiyo hizi saa zote..."

Wimbo ukaisha. Kama aliyeitwa na kengele, Ban-seng akaingia na mkasi mkononi, udongo magotini, mweusi kwa jua, mzima kuliko sisi wawili. Akamwona binti yake. Akaficha mkasi nyuma kama mtoto, halafu akatafuta neno, akapata lile ambalo sisi wote tunalo.

"Umekula?"

"Baba, nani anatazama hii?"

Ban-seng alinitazama mimi. Nikamwambia sikusema kitu, na Pei-shan akathibitisha. Basi akaeleza mwenyewe, akiwa amesimama, macho chini. Alipofika kwa bibi na antena, Pei-shan alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, na hakujaribu kuyafuta.

"Bibi kweli angemzimia," akasema.

"Angemzimia sehemu ya kwanza tu."

"Ungeniambia, baba."

"Ungesema nimeanza kupotea akili."

"Ningesema hivyo," Pei-shan akakiri. Akaipokea simu ya baba yake. "Haya, naifungua. Na ungeweza kuifungua mwenyewe. Namba ni siku ya kuzaliwa ya mama."

"Nimeijaribu hiyo! Imekataa!"

"Haiwezi kukataa. Umeandika ipi?"

Ban-seng akaitaja. Pei-shan akafunga macho.

"Hiyo ni ya kalenda ya mwezi mwandamo, baba. Mimi niliweka ya kitambulisho."

"Ya kitambulisho ndiyo siku gani? Mama yako nimempikia tambi za siku yake miaka yote, siijui nyingine." Alikuwa amekasirika kabisa. "Ya kitambulisho aliijua karani."

Pei-shan hakubishana. Alifuta namba ile, akaweka ya mwezi, akamrudishia baba yake simu. Kisha akaondoa kile kikomo cha saa. Simu yangu ilirudi nyumbani ikiwa ya moto kama bakuli.

Siku zilizobaki zilikuwa chache, na sehemu zilikuwa nyingi kwa sababu ya nyimbo kutorukwa. Pei-shan aliomba likizo. Alikuwa anabadilisha sehemu yeye, akifanya kazi zake mezani na mgongo kwa simu, baba yake akiwa mitini. Mimi nilipita kila nilipopata nafasi, nikasimama mlangoni, na sitaficha: mara mbili tatu nilimgeukia Gue-ha nikamwambia, "Umeona huyo mnafiki?" kama zamani.

Asubuhi ya mwaka kutimia, mwendesha ibada alifika na kofia yake na vitabu vyake, na sehemu ya mwisho ilikuwa bado inaimba. Ban-seng akampa kiti na chai.

"Tungoje nini?" yule bwana akauliza.

"Jenerali," Ban-seng akamjibu.

Nadhani katika kazi hiyo ameona mengi. Alikunywa chai. Jenerali na binti wa mpika mvinyo wakakutana darajani, wakaimba, wakalia, pazia likashuka. Ban-seng akaangusha vipande vya mti sakafuni kumuuliza mkewe kama ameridhika. Kimoja kilianguka tumbo juu, kingine mgongo juu, na hilo ni ndiyo isiyo na shaka. Ndipo jina la Gue-ha likaandikwa kwenye kibao kikubwa, kibao kidogo kikachomwa, majivu kidogo ya chetezo chake yakaingizwa katika chetezo cha ukoo. Meza ndogo ikaondolewa. Pei-shan akapanda treni kesho yake, na neno la ghorofa hakulitaja tena.

Wiki iliyofuata akanipigia mchana, nikiwa naosha masufuria.

"Mama mdogo, baba yuko wapi?"

"Atakuwa nyumbani. Kuna nini?"

"Ripoti imekuja. Haina kitu. Simu haijaguswa. Chaji imejaa, programu zote zimelala, siku baada ya siku. Ndicho nilichokuwa nakitaka, si ndiyo? Nilitaka ishuke. Imeshuka, na mimi naogopa kuliko zamani."

Nilikwenda na mikono yenye maji. Ban-seng alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, amekaa. Hakuwa anaumwa, hakuwa analia. Mkasi ulikuwa umetundikwa ukutani. Kiti cha Gue-ha kilikuwa pale pale na mto wake, na mahali pa meza ndogo palikuwa sakafu tupu, safi kuliko sakafu nyingine. Sikuwahi kusikia nyumba ile ikiwa kimya namna hiyo, hata siku ya mazishi. Iliniuma, nami nikakasirika, maana ndivyo ninavyoumia.

"Miti imejipogoa leo?"

"Nitaenda," akasema. "Nimekaa tu. Nimekosa pa kurudi kubadilisha."

Nikamwekea simu yangu usoni, Pei-shan akiwa ndani yake.

"Baba," akasema, na akatabasamu kwa nguvu, "hivi yule jenerali alimwoaje binti wa mpika mvinyo wakati baba zao ni maadui?"

"Nitajuaje?"

"Si umeicheza yote?"

"Nimeicheza. Sikuitazama."

"Hata sehemu moja?"

"Hata moja. Nilikuwa kwenye miti." Akafikiri kidogo. Akasema polepole, "Alikuwa ananiita, unajua. Kila siku alikuwa ananiita."

Nilikuwapo, nilikuwa nimekaa kando ya Gue-ha kila alipoita, na nilikuwa nacheka.

"Mimi pia aliniita," Pei-shan akasema. "Nilikuwa nasema nina mitihani. Baba, mimi nimemaliza kazi mapema leo. Nimeshaifungua hapa, ya kwanza kabisa. Chukua simu yako, fungua na wewe. Tubonyeze pamoja."

"Ni sehemu nyingi sana, mwanangu. Wewe una kazi zako."

"Basi tutazame moja."

Ban-seng aliinuka kwa kulalamika magoti. Akachukua simu yake, akaiegemeza kwenye kopo la chai, lakini sasa kopo lilikuwa juu ya kigoda na kioo kimeelekea kwenye kiti cha Gue-ha. Akakitazama kile kiti. Akausogeza mto, akakaa. Mimi nikavuta changu pale pale nilipozoea kukaa. Alitupa jicho kwenye meza kubwa.

"Mama atanuna."

"Anune," nikamwambia. "Siku hizi ana Gue-ha wa kumnunia."

Pei-shan akahesabu moja, mbili, tatu. Ngoma zikalia, jenerali akatoka na zile nyusi zake.

"Huyu ni mwanamke?" Ban-seng akauliza.

"Ni mwanamke anayecheza mwanamume."

"Gue-ha hakuniambia."

"Alikuambia, Kaka Ban-seng. Ulikuwa umeshafika mlangoni."

Akaitikia kwa kichwa, akainama mbele, mikono magotini, macho kwenye kile kioo kidogo. Jenerali akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili. Katikati ya wa tatu Ban-seng akaninyooshea kidole tusimamishe.

"Rudisha mwanzo," akasema. "Sikusikia vizuri alivyosema."

Nikamrudishia. "Subiri, Pei-shan," nikasema kwenye simu yangu, "baba yako karudisha." Na huko Taipei naye akarudisha.